Jedwali la Maji Nililoligandisha

Singida, Jumatatu, 24 Septemba 2007. Huu ni mwaka wa thelathini na tatu tangu nihame Mtwara.

Bi Pendo, mshauri wetu wa Jumamosi,

Naomba msaada wako, ingawa nakusoma kila wiki na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa miongoni mwa wanaokuandikia, kwa maana barua nyingi unazopata ni za ndoa na mapenzi, na mimi ni mzee wa miaka sitini na nne, mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenye mke mmoja asiyenipa shida yoyote. Lakini nina jambo ambalo hata huyo mke nimeshindwa kumweleza, na mfungo huu nafuturu bila kusikia ladha ya uji, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho ndipo uniambie la kufanya.

Kwetu ni kusini ya Mtwara, mbele ya Kilambo, kule ambako Mto Ruvuma unaikaribia bahari na ardhi yote ni mikoko. Kijiji chetu kilihamishwa mwaka 1974, watu wakapelekwa juu barabarani, na mwaka huohuo mimi nikapata uhamisho wa kuja kufundisha Singida, ambako tuna ziwa la chumvi lisilopanda wala kushuka kwa siku, na nimewafundisha habari za maji kujaa na kupwa watoto ambao hawajawahi kuyaona, kwa chaki na mpira wa miguu ulioshika nafasi ya dunia. Nimerudi kwetu mara moja tu, mwaka 1989, kumzika mama.

Dada yangu Somoe alibaki, na mtoto wake Rukia, muuguzi, ndiye sababu ya barua hii. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Akishasema, limekwisha, hata kama anasemea mbali. Tafadhali liweke hilo akilini, maana ndilo lililotuponza.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, Rukia na muuguzi mwenzake Yohana wanabeba sanduku la chanjo kwenda vitongoji vya ng'ambo ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko. Maji yakitoka, hori lile unavuka kwa miguu, yanakufika magotini. Yakijaa, yanaweza kukufunika. Ukikosea saa unakaa upande huu na barafu inayeyuka sandukuni, na watoto wako upande ule. Zamani waliuliza wavuvi, na mvuvi mmoja akisema saa tatu mwingine anasema saa tano, kwa sababu kila mmoja anaisemea sehemu anayotegea nyavu zake.

Basi Rukia akajifundisha kompyuta kwenye steshenari ya rafiki yake Salma pale Chikongola, siku za Jumatatu akienda mjini kuchukua chanjo, bila kozi wala cheti, na akatengeneza jedwali la Excel ambalo, Bi Pendo, nakuambia kama mtu aliyesahihisha madaftari kwa miaka ishirini na tisa, sijaona kazi ya mwanafunzi iliyonipendeza kuliko hiyo. Jedwali linajua lenyewe leo ni tarehe ngapi. Linahesabu mwezi una siku ngapi tangu uandame, linaongeza dakika hamsini kwa kila siku inayopita, kisha linakuandikia maji yatatoka saa ngapi kwa siku saba zinazofuata. Tena hakuishia hapo. Alikwenda kukaa na wanawake wanaookota chaza, akawauliza maji ya ndani ya hori yanachelewa kiasi gani kuliko ya baharini, akaenda nao mara nne na saa mkononi, akapata dakika arobaini, akaziingiza. Vitabu nilivyofundishia havikuwa na zile dakika arobaini. Yeye anazo.

Akanitumia kwa barua pepe: "Mjomba, wewe ndiye mwenye jiografia. Nikagulie kabla sijalitumia."

Nililifungua Jumamosi ya mwisho ya Juni, siku ya mwezi mpevu, kwenye kompyuta ya Mathayo mwenye steshenari hapa mtaani. Mstari wa kwanza ulisema saa nne na dakika arobaini asubuhi. Nilisimama. Ndiyo saa ambayo mama na wenzake walikuwa wakivuka kwenda kwenye mihogo siku za mwezi mpevu, baada ya chai, kanga zimekunjwa mapajani. Naikumbuka kama jina langu. Nikachapisha ile karatasi, nikaiweka mfukoni.

Alhamisi iliyofuata nikarudi kumwonyesha mwalimu mwenzangu kazi ya mpwa wangu, na saa zote zilikuwa zimebadilika. Saa nne haipo. Nikamwita Mathayo.

"Hiyo ni virusi, Mwalimu," akasema bila hata kuketi. "Mashine zote za mji huu zina virusi."

"Na dawa yake?"

"Dawa ipo mjini, na yenyewe ina virusi."

Nikakaa na huzuni wiki nzima na siku kadhaa. Jumamosi ya katikati ya Julai nikalifungua tena, na loo, mstari wa kwanza: saa nne na dakika arobaini! Nikatoa ile karatasi mfukoni, nikalinganisha mstari kwa mstari, yote sawasawa.

"Mathayo, limepona!"

"Basi lifunge kabla halijaugua tena. Unataka namba zitulie? Kopi hiyo safu ya saa, kisha pesti majibu peke yake, fomula uziache nje. Hazitacheza tena mpaka kiama."

Nikafanya hivyo kwa mkono wangu. Safu ya tarehe sikuigusa, kwa hiyo tarehe ziliendelea kwenda na siku, na saa zikabaki zimesimama palepale. Kafe ya intaneti ilikosa mtandao siku kumi, kisha nikamtumia Rukia nikiwa na furaha: "Nimelikagua na kulirekebisha. Futa la zamani, tumia hili." Akafuta. Nani atabishana na mjomba?

Safari mbili za kwanza zilikwenda vizuri, na sasa najua kwa nini: kila baada ya wiki mbili mwezi unazirudisha zilezile saa, mpevu na mwandamo ni ndugu. Ya tatu, mwisho wa Agosti, chanjo zilichelewa kufika, wakaisogeza mbele wiki moja. Rukia akachapisha karatasi mpya kwa Salma, yenye tarehe mpya na saa zangu mfu. Ilisema Jumatano ile maji yatatoka saa sita na dakika ishirini mchana.

Walipofika horini Yohana alitazama, akasema, "Dada, maji haya hayajatoka."

"Karatasi inasema yametoka. Mjomba amekagua."

"Mjomba yuko Singida, dada. Maji yako hapa."

Kina mama walikuwa wamejipanga ng'ambo na watoto migongoni. Wakangoja, maji yakawa yaleyale, na barafu haingoji. Yohana akatangulia, sanduku kichwani, yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, akateleza kwenye tope, akazama. Wanawake wawili wa chaza wakamvuta kwa shati akiwa ameshakunywa maji ya kutosha. Sanduku likaelea kuelekea baharini, na lilipopatikana chumvi ilikuwa imeingia ndani. Watoto thelathini na mmoja walirudishwa nyumbani bila chanjo. Mama mmoja akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Muuguzi! Hayo maji yako ya kwenye karatasi yako wapi? Tuletee tuvuke hayo!" Na watu wakacheka, Bi Pendo, wakamcheka Rukia.

Ameibandua karatasi mlangoni mwa zahanati. Tarehe 8 Oktoba wauguzi wa upande ule wana kikao. Ilikuwa waamue kulitumia jedwali lake kwenye njia nyingine mbili zenye maji, na sasa amewaambia atasimama aseme hesabu zake zilikuwa na makosa na wasizitumie. Kwangu ameandika: "Mjomba, nilikosea wapi? Nimehesabu upya kwa mkono mara tatu, na kila mara napata jibu tofauti na la karatasi. Naona kichwa changu hakifai kwa kazi hii."

Niliposoma hapo nilikwenda kwa Mathayo, nikafungua lile faili nililomtumia, nikabonyeza kisanduku cha saa. Ndani yake hamna kitu. Namba tupu. Nikafungua lile la kwanza alilonitumia yeye, ambalo bado limo kwenye barua pepe yangu: fomula zote zipo, hai, na nilipoirudisha nyuma tarehe ya kompyuta, jibu lake la siku ile ya ajali lilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Alikuwa sawa. Mkono wake ulikuwa sawa mara zote tatu.

Sasa ungamo langu lenyewe. Nimeshaanza kumwandikia, na maneno niliyoandika ni haya: "Mpwa wangu, nimeliona kosa, nimelisahihisha, hili hapa jedwali zima." Ni kweli na si kweli. Jedwali atalipata, watoto watachanjwa, na mimi nitabaki mjomba. Sijaituma. Mara nyingine nasema ngoja niende mwenyewe Idi, nimwambie uso kwa uso, kwa sababu mambo kama haya hayasemwi kwenye simu na sijui mjomba anaanzaje kumwomba radhi mtoto wa dada yake, sijawahi kuona ikifanyika kwetu. Nifanye lipi?

Ni mimi,
Mjomba Zuberi

BI PENDO ANAJIBU

Shikamoo, Mzee Zuberi. Naitanguliza shikamoo yako kabisa, kwa sababu huko chini sitakuwa na nafasi ya heshima nyingi.

Kwanza niseme la Rukia. Nimekisomea barua yako chumba kizima hapa ofisini, na tulipofika kwa msichana anayekwenda horini mara nne na wanawake wa chaza, saa mkononi, akitafuta dakika arobaini ambazo hakuna aliyemtuma azitafute, watu waliacha kazi wakasikiliza. Umelea mtu, mzee, hata kama umemlea kwa barua. Na wewe pia nakupa haki yako: wangapi wangefungua faili wakabonyeza kile kisanduku? Wengi wangekubali kwamba mtoto kakosea, wakaendelea na kahawa.

Sasa kaa vizuri.

Unamlaumu Mathayo na virusi vyake. Mathayo anauza karatasi na kalamu, hajawahi kufundisha jiografia. Wewe umefundisha miaka ishirini na tisa, umezungusha ule mpira ubaoni, na juzi tu ulisimama nje na majirani zako mkitazama mwezi ili mjue kesho mnafunga au hamfungi. Mtu huyohuyo akaona saa za maji zinakwenda na mwezi, akasema ni ugonjwa! Hukudanganywa na mashine, mzee wangu. Uliona saa moja uliyoipenda, ukataka isiondoke. Hilo naweza kulielewa kwa mtu aliyekaa mbali na kwao muda mrefu. Lakini ulilipeleka pendo lako kwenye maji ambayo watu wanaingia na mizigo kichwani.

Ile barua uliyoianza, ichane. Usiihifadhi hata nakala. Ukisema "nimeliona kosa, nimelisahihisha" umemwibia binti mara mbili: mara ya kwanza ulichukua hesabu yake, mara ya pili unachukua sifa ya kuirudisha, na yeye anabaki akiamini kichwa chake hakifai. Unajua muuguzi anayeamini kichwa chake hakifai anakuwaje? Anaacha kuhesabu. Anaanza tena kuuliza wavuvi. Ndicho unachotaka?

Na habari ya Idi, nimetazama kalenda hapa ukutani. Kikao ni tarehe nane. Idi inakuja baada ya kikao. Maana yake unapanga kwenda kumwomba radhi baada ya yeye kusimama mbele ya wenzake na kujitwika kosa lako. Hapo si uso kwa uso tena, hapo ni pole ya msibani.

Unauliza mjomba anaanzaje. Unasema hujawahi kuona ikifanyika kwenu. Basi utakuwa wa kwanza, haijakatazwa. Neno lako ndilo lililomfanya asiyaamini macho yake na maji yako mbele yake. Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumwondolea hilo neno. Si Yohana, si Somoe, wala mimi na gazeti langu. Mpigie simu leo, kabla ya futari, ukiwa na njaa, ili usiwe na nguvu za kuzunguka. Sentensi ya kwanza iwe: "Rukia, hesabu yako ilikuwa sawa, mimi ndiye niliyeiharibu." Usianze na salamu za nyumbani wala hali ya mvua. Ukimaliza kusema nyamaza, hata akinyamaza na yeye. Kisha mtumie lile faili lake la kwanza jinsi lilivyo, usiligonge hata herufi moja. Mwambie aweke nakala kwa Salma na nyingine kwake, na atakayetaka kuchapisha achapishe kutoka kwenye nakala, asiguse lile faili lenyewe. Omba uzungumze na Yohana pia, maana ndiye aliyekunywa maji. Na siku ya kikao uwe karibu na simu, wauguzi wale wasikie kwa sauti yako, maana binti akiwaambia peke yake watadhani anajitetea.

Jambo la mwisho, ambalo hukuniuliza. Umeandika "ngoja niende Idi" kama mtu aliyeisema mara nyingi. Miaka thelathini na mitatu, safari moja ya mazishi. Kama kweli utakwenda, kata tiketi. Kama huendi, mwambie na hilo, asikae akikuandalia kitanda.

BARUA YA PILI KUTOKA KWA MZEE ZUBERI

Singida, 15 Oktoba 2007

Bi Pendo,

Sikungoja futari. Nilipiga adhuhuri, na nikaanza na sentensi uliyonipa, kwa sababu yangu ilikuwa ndefu. Rukia akanikatiza.

"Subiri, mjomba," akasema. "Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa sawa?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ya mkono?"

"Zote tatu."

Akacheka, kisha nikasikia kwamba si kicheko tena. Nikanyamaza kama ulivyoniambia. Alipopata sauti akasema, "Mjomba, siku nyingine ukiona kitu usichokielewa kwenye kazi ya mtu, uliza kwanza." Hakuna mtoto wa dada yangu aliyewahi kusema nami hivyo. Nilimjibu ndiyo, na nilimaanisha. Dada yangu akampokonya simu. "Kaka! Mwezi nao unaugandisha? Na jua tulifungie wapi?" Yohana alikuwa mpole kuliko nilivyostahili; alisema tu kwamba maji ya hori letu yana chumvi nyingi.

Tarehe nane Rukia aliiweka simu katikati ya meza, sauti juu, nikawaeleza wauguzi kumi na wawili nilichofanya, hatua kwa hatua, na safu niliyoinakili. Mmoja akauliza watajuaje kwamba safari hii haijaguswa. Rukia akawafundisha papo hapo: bonyeza kisanduku cha saa, ukikuta namba tupu usivuke. Nilikuwa nasikia kwa mbali, na nakuambia, lilikuwa somo zuri kuliko lolote langu. Wamelipokea kwa njia zote tatu. Jumatano tarehe kumi walivuka hori saa aliyoihesabu yeye, maji magotini, na wale watoto thelathini na mmoja wamechanjwa wote isipokuwa wawili waliokuwa wamekwenda Kilambo na mama yao. Hao wamepangiwa siku yao.

Baada ya sala ya Idi alinipigia kunitakia heri. Akauliza, kama anavyouliza kila mwaka, kama nitakuja Idi ijayo, chumba kipo Likombe, kule Mtwara mjini, na mama yake amenunua godoro. Mdomo wangu ulishaanza lile jibu la siku zote, nikaukamata. Nikamwambia ninayoyajua: kwamba kijiji ninachokitaka hakipo, kwamba aliyekuwa akiningoja nilimzika mwenyewe, kwamba nyumba yangu na watoto wangu wako huku, na kwamba nimekuwa nikimwahidi kitu ambacho sikuwa nacho. Nikamwomba godoro alitumie yeye, au amlalishie mgeni mwingine. Akasema, "Asante kwa kuniambia, mjomba," na akaniuliza kama ataendelea kunitumia kazi zake nizisome. Nikasema ndiyo, nitazisoma na sitazigusa.

Sitarudi Mtwara.

Zuberi